Mbegu za kuchangiwa: mpango kwa wanandoa walioko Tanga

Karatasi ya maabara ikirudi imeandikwa "hakuna mbegu zilizoonekana", wengi hurukia swali la mbegu za mtu mwingine siku hiyohiyo. Huko bado ni mbali. Sifuri ya kipimo kimoja haitoshi kumwambia mwanamume kwamba hana mbegu, na pesa nyingi hupotea kwa sababu hatua ya kwanza ilifanywa mbiombio. Basi tunaanzia kwenye kikopo.

Kipimo cha shahawa kina masharti yake. Mume akae bila tendo wala kujichua kwa siku 2 hadi 7. Pungufu ya hapo mbegu huwa chache, zaidi ya hapo huwa nyingi lakini zimechoka. Sampuli itolewe kwa mkono, bila sabuni, bila mafuta ya nazi, bila mate, na isitolewe ndani ya kondomu ya kawaida, kwa sababu vilainishi na kemikali zake huziua au kuzilemaza mbegu. Ichukuliwe yote. Matone ya mwanzo ndiyo yenye mbegu nyingi zaidi, kwa hiyo yakimwagika, semeni hapohapo kipimo kirudiwe siku nyingine. Watu huona haya kusema, halafu wanatibiwa kwa jibu la nusu kikopo.

Pa kuitolea ni maabara kwenyewe, kama kuna chumba cha faragha. Kama haiwezekani, ifike ndani ya nusu saa, isizidi saa nzima, ikiwa kati ya nyuzi 20 na 37. Kutoka Chumbageni au Makorora hadi hospitali muda unatosha. Kutoka Pangani au Lushoto hautoshi, afadhali kulala mjini. Kikopo kikae ndani ya shati, karibu na mwili. Kisiwekwe kwenye friji, wala kwenye kikapu cha pikipiki juani: jua la saa 8 mchana linatosha kuharibu sampuli kabla hamjafika kwenye taa za barabarani.

Vipimo ni viwili, na kati yake ziwepo wiki kadhaa. Kutengeneza mbegu kunachukua takriban siku 74, na baada ya hapo zinahitaji muda wa kukomaa na kusafiri. Ndiyo maana malaria kali au homa ya nyuzi 39 inaweza kushusha hesabu kwa hadi miezi 3. Aliyeugua juzi asubiri. Na kabla ya kuandika sifuri, maabara inapaswa kuzungusha sampuli kwenye mashine ili mbegu zishuke chini, halafu iangalie mashapo kwa hadubini. Ulizeni kama hilo lilifanyika. Swali hilo halimtukani mtu.

Viwango vya chini katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 ni hivi: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, milioni 39 kwa sampuli nzima, zinazotikisika asilimia 42, zinazosonga mbele asilimia 30, zenye umbo la kawaida asilimia 4. Ndiyo, nne. Mtu akiambiwa "asilimia 94 ni mbovu" hushtuka bure, kumbe yuko salama. Aliye chini ya viwango hivi si lazima awe tasa. Viwango vilitokana na wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na kwenye kundi hilo walikuwamo wenye hesabu ndogo.

Ikithibitika kwamba kweli hakuna mbegu, jueni sifuri ziko za aina mbili. Ya kwanza, kiwanda, yaani korodani, kinafanya kazi ila njia imeziba. Ya pili, kiwanda chenyewe kimezorota. Tofauti huonekana kwa kupima homoni za FSH (amri ya ubongo kwa korodani) na testosteroni (homoni ya kiume) na kwa daktari kushika korodani kuona ukubwa wake. FSH ya kawaida na korodani za ukubwa wa kawaida huashiria kuziba. FSH iliyopanda sana na korodani ndogo huashiria kiwanda.

Hapa pwani kuna mambo ya kumwambia daktari hata kama hakuuliza. Aliyewahi kupasuliwa busha au ngiri aseme, kwa sababu mrija unaopitisha mbegu uko jirani na kisu, na mabusha ni mengi kwetu kutokana na minyoo inayoleta matende. Aliyeugua kisonono bila kumaliza dozi aseme. Aliyepata matubwitubwi baada ya kubalehe, korodani zikavimba, aseme. Aliyekojoa damu utotoni kwa kichocho aseme pia. Na anayechoma sindano za testosteroni za kukuza misuli ndiye wa kusema kabla ya wote: sindano hizo huambia ubongo kwamba kazi imeshafanyika, korodani zikalala. Akiziacha chini ya uangalizi, mbegu zinaweza kurudi, ingawa huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Mwenye kisukari naye, kama ujazo ni kidogo mno, apimwe mkojo baada ya tendo. Shahawa zinaweza kuwa zinarudi nyuma kwenye kibofu.

Palipoziba, daktari anaweza kuchukua mbegu kwa sindano au upasuaji mdogo. Hata kiwanda kilichozorota kinaweza kuwa na vipande vinavyofanya kazi, na kwa takriban nusu ya wanaume hao mbegu hupatikana korodani ikichunguzwa vizuri. Mbegu hizo ni chache, kwa hiyo kila moja huchomwa ndani ya yai maabara, njia iliyoanza kuzaa watoto mwaka 1992. Ni ghali, na ni ya Dar es Salaam, si ya Tanga. Lakini mtoto huwa wa damu ya mume, na kwa familia nyingi za hapa jambo hilo linazidi bei.

Linazidi kwa sababu ya dini pia. Fatwa ya Al-Azhar ya 1980 iliruhusu matibabu kati ya mume na mke waliomo ndani ya ndoa, ikakataza mbegu ya mtu wa tatu kwa kuwa inachanganya nasaba. Wanachuoni wa Sunni walio wengi wamebaki hapo. Upande wa Shia, Ayatollah Khamenei wa Iran alitoa rai ya kuruhusu kwa masharti mwaka 1999. Kanisa Katoliki lilikataa katika waraka wa Donum Vitae wa 1987. Tunayaweka mbele ili msiyagundue mkiwa mmeshalipa. Nendeni kwa sheikh au padri mnayemwamini mkiwa wawili, mkiwa na jibu la maabara mkononi, muulize kwa uwazi. Kumwendea na swali la kuzungukazunguka huleta jibu la kuzungukazunguka.

Wanaoendelea na mbegu za kuchangiwa, hapa ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Kwanza maandishi. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania humchukulia mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa halali kuwa wa mume, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Hilo ni msaada, lakini msiliegemee peke yake. Fomu ya ridhaa ya kituo cha uzazi isainiwe na wote wawili kabla ya mzunguko wa kwanza wa matibabu, ieleze kwamba mume anamkubali mtoto kuwa wake na kwamba mchangiaji hana dai. Bakini na nakala. Wakili aisome. Mume akisita, simamisheni. Kusita kabla ya sindano ni rahisi kuliko kukana baada ya kuzaa, na anayesukumwa na mama mkwe au mashemeji hajaridhia.

Mbegu za kuchangiwa hugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Sababu si kuhifadhi tu. Mtu aliyeambukizwa Ukimwi wiki hii anaweza kupima leo akaonekana mzima, kwa hiyo benki za mbegu zenye utaratibu mzuri huziweka kando kwa miezi 6, zikampima mchangiaji tena, ndipo zikaziachia. Vipimo ni virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende, kisonono na klamidia. Kwa hiyo, yule "kijana mwenye afya" anayependekezwa na rafiki, na bomba la sindano la duka la dawa, ni hatari mara mbili. Hakuna aliyesubiri miezi 6, na hakuna karatasi inayomzuia kurudi baadaye kudai mtoto. Shahawa ambazo hazijasafishwa pia zisiingizwe kamwe ndani ya mji wa mimba. Zina kemikali zinazoufanya ukaze kwa maumivu makali, na zinapeleka vijidudu ndani.

Katika kuchagua mchangiaji, watu hutazama urefu na rangi. Sisi tungeanza na seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ukanda wetu umeishi na malaria karne nyingi na wabebaji wa seli mundu ni wengi. Mke apimwe kwanza. Akiwa AS (mbebaji), mchangiaji lazima awe AA (asiyebeba), kwa sababu AS kwa AS kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mgonjwa. Msidhani kila benki ya Ulaya humpima kila mchangiaji jambo hili. Dai jibu la maandishi, hasa mkichagua mchangiaji mwenye asili ya Afrika.

Linalofuata ni kundi la damu. Mume O na mke O hawazai mtoto wa A. Mchangiaji akiwa A, siku kijana atakapokwenda kuchangia damu shuleni hesabu inaweza isikubali. Wanaotaka kubaki na siri walinganishe makundi, japo siri hizi siku hizi hazina maisha marefu: kipimo cha vinasaba kwa mate kinatosha. Uingereza iliondoa siri ya wachangiaji tangu Aprili 2005, na mtoto akifika miaka 18 anaweza kuomba jina. Mbegu zikitoka huko, msidhani moja kwa moja kwamba sheria ya huko imekuja nazo. Ulizeni benki mtoto atakuwa na haki gani, na familia ngapi zinaruhusiwa kwa mchangiaji mmoja. Ndani ya Uingereza mwisho ni familia 10.

Kwenye karatasi ya benki mtaona maneno MOT10, MOT20 na kadhalika. Ni idadi ya mbegu zinazotembea, kwa milioni, katika kila mililita baada ya kuyeyushwa. Zidisheni kwa ujazo. Kichupa cha MOT10 chenye nusu mililita kina mbegu milioni 5 zinazotembea, na kwa vituo vingi hapo ndipo pa chini. MOT5 ya nusu mililita ni milioni 2.5, inafaa zaidi kwa yai linalotungishwa maabara. Angalieni pia kama zimeshasafishwa tayari kwa mji wa mimba. Ambazo hazijasafishwa ni nafuu, lakini kituo kitazisafisha na idadi itapungua. Ukubwa wa chombo chenyewe ni kama bomba la wino la kalamu. Msishangae pesa yote ile imeingia humo.

Msinunue kichupa hata kimoja kabla mke hajapimwa. Tunaliona kosa hili kuwa ghali kuliko yote. Mirija ya uzazi ikiwa imeziba, mbegu bora duniani haitakutana na yai. Kipimo cha mirija ni cha dawa inayoonekana kwenye eksirei, hufanywa hedhi ikishakatika, siku ya 7 hadi ya 10 ya mzunguko. Huuma kama tumbo la hedhi kali kwa dakika chache, na dawa ya maumivu inywewe saa moja kabla. Pamoja nacho: ultrasaundi ya mji wa mimba na vifuko vya mayai, homoni, Ukimwi, homa ya ini, kaswende, kundi la damu na seli mundu. Foliki asidi ianzwe mapema, mikrogramu 400 kila siku. Dawa za kuchemsha za mganga au za kuagizwa mtandaoni ziachwe kabisa. Hakuna ajuaye zinafanya nini zikikutana na dawa za kukuza mayai.

Sasa mzunguko wenyewe. Siku ya kwanza ni siku damu inapotoka kwa wingi, si siku ya matone. Siku hiyo pigeni simu kituoni. Siku ya 2 au 3 hufanywa ultrasaundi kuona kama kuna uvimbe wa maji uliobaki. Kisha, daktari akiona inafaa, vidonge vya letrozoli vya kukuza mayai, miligramu 2.5 au 5 kwa siku kwa siku 5, kuanzia siku ya 3 hadi ya 7. Mke anayepevusha yai mwenyewe anaweza asihitaji dawa. Siku ya 10 hadi 12 ultrasaundi tena. Kifuko cha yai hukua kama milimita 2 kwa siku, na hungojwa kifike milimita 18 hadi 20.

Ultrasaundi hizi za mwanzo zinaweza kufanyiwa Tanga, mkaokoa safari. Sharti ni moja: mpimaji aandike kila kifuko kina milimita ngapi, cha kulia na cha kushoto, na unene wa utando wa mji wa mimba. Jibu la "mayai yako vizuri" halimsaidii daktari aliye Dar. Piga picha karatasi, itume, ngoja jibu. Vifuko vikubwa vikiwa 3 au zaidi, kituo makini kitaufuta mzunguko huo kwa kuogopa mapacha watatu. Inauma, lakini mkubali.

Kifuko kikifika, hudungwa sindano ya hCG, homoni ya kuliachia yai, na mbegu huwekwa ndani ya mji wa mimba saa 36 baadaye. Mbegu zilizogandishwa zikiyeyushwa huishi saa 12 hadi 24 hivi, tofauti na mbichi zinazoweza kufika siku 5, na yai nalo huishi chini ya siku moja. Dirisha ni jembamba, na linalovunja mipango mingi ni saa ya Kiswahili. Daktari akiandika kwa Kiingereza saa ishirini na mbili au "10 PM", maana yake ni saa 4 usiku. Anayesoma "kumi" akajidunga saa 10 jioni amewahi kwa saa 6, na anayedunga saa 10 alfajiri amechelewa kwa saa 6. Mwambieni aandike kwa Kiswahili, "saa 4 usiku Jumatatu", na muirudie kwa sauti. Hapo kuwekwa ni saa 4 asubuhi Jumatano.

Sindano yenyewe isomwe boksi lake: nyingine hutaka friji, nyuzi 2 hadi 8. Kwenye basi ikae kwenye chupa ya chai pamoja na barafu iliyofungwa kwa taulo, isigusane nayo, kwa sababu ikiganda imeharibika. Safiri siku moja kabla. Tanga hadi Dar ni kama kilomita 350, na basi la alfajiri kutoka Kange likikwama Chalinze halina habari na yai lako.

Na mtu asijaribu kuzileta mbegu Tanga. Barafu ya samaki ya soko la Deep Sea iko karibu na sifuri. Mbegu zinataka nyuzi 196 chini yake, ndani ya tangi maalumu. Zikishayeyuka hazigandishwi tena zikabaki na nguvu. Mke ndiye anayesafiri.

Siku ya kuwekwa, kabla ya kuvua viatu, linganisheni namba ya mchangiaji iliyo kwenye kichupa na iliyo kwenye fomu yenu, mbele ya mtu wa maabara. Mwombeni awaambie idadi ya mbegu zinazotembea baada ya kuyeyusha, na aiandike. Ikiwa chini sana ya ilivyoahidiwa, benki nyingi huhitaji ripoti mapema ili zirudishe pesa. Kinachobaki ni cha dakika chache. Kibofu kiwe na mkojo kiasi. Daktari hufungua uke kwa kifaa kama cha kupima saratani ya mlango wa kizazi, hupitisha katheta, yaani mrija laini, na kuingiza kiasi kidogo tu, mililita 0.3 hadi 0.5. Lala dakika 10 hadi 15. Kuinua miguu ukutani hakuongezi kitu, na matone yatakayotoka baadaye si mbegu zinazokimbia. Safari ya basi kesho yake haiangushi mbegu pia.

Matone ya damu na maumivu madogo ni kawaida. Homa ya nyuzi 38 na zaidi, tumbo kuvimba haraka, au maumivu yanayokuzuia kusimama wima ni ya hospitali usiku huohuo, Bombo au iliyo karibu, mkiwa na karatasi ya dawa zilizotumika.

Mimba ipimwe baada ya siku 14. Kabla ya hapo ile hCG ya sindano, ambayo ndiyo kijiti cha mimba hutafuta, inaweza kuwa bado imo mwilini na kijiti kikasema "ndiyo" ya uongo. Kwa mke aliye chini ya miaka 35, kila mzunguko una nafasi ya takriban 10 hadi 20 kati ya 100, na hupungua umri ukipanda. Kwa hiyo pangeni bajeti ya mizunguko 3 hadi 6 na mpige hesabu kabla, vikiwemo vichupa, nauli na malazi. Mizunguko hiyo ikiisha bila kitu, au miaka ikiwa imepita 38, jadilini kutungisha yai maabara badala ya kurudia lilelile. Mkitaka watoto wawili wa mchangiaji mmoja, vichupa vya ziada vinunuliwe mapema na kulipiwa hifadhi, kwani mchangiaji huisha.

Jibu likiwa ndiyo, ultrasaundi ya wiki ya 6 au 7 huonyesha mimba iko ndani ya mji wa mimba. Kuanzia hapo kliniki ni ya wajawazito wote, na mume aende naye siku ya kwanza kupimwa kama kina baba wengine. Mnesi hana haja ya kujua mbegu zilitoka wapi. Daktari wa uzazi anahitaji mambo mawili tu: tarehe kamili mbegu zilipowekwa, ambayo ni sahihi kuliko tarehe ya hedhi kwa kukadiria siku ya kujifungua, na kundi la damu la mchangiaji ikiwa mama ni Rh hasi, yaani kundi lake la damu lina alama ya kutoa.